Majibu ya Ng'ombe wa Mjomba

Kirumba, Mwanza
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Kabula,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali, lakini asubuhi hii nimekuona ukimaliza uji wote na kuomba mwingine, kwa hiyo hali yako naijua. Yangu si nzuri sana. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, uwanjani kuna mechi na kelele zake zinafika mpaka humu ndani, nami nimekaa mezani na kalamu kwa sababu Jumanne ulinishinda kwa swali moja.

Unalikumbuka. Ulikuwa unakunja nguo, ukauliza bila hata kuinua kichwa, "Mama, hivi mjomba Masanja aliwawekea dawa wale ng'ombe, au hakuwawekea?" Nikakufokea kana kwamba umenitukana. Nikasema ng'ombe wa watu hawakuhusu. Ukamaliza kukunja gauni, halafu ukasema huoni sababu ya kwenda Magu kumuaga mtu aliyetutia aibu. Tangu hapo sina raha, maana aibu hiyo hakuileta yeye.

Mambo ya kuangalia mizigo kwenye basi na kutokula cha mtu usiyemjua, shangazi zako wameshakueleza mpaka umechoka. Sitayarudia. Mimi nataka kukujibu swali lako. Unakwenda Nairobi kujifunza kazi ileile iliyonitenganisha na kaka yangu, ya kupima kama nyama ina homoni. Najua mtapewa vyombo vizuri kuliko nilivyokuwa navyo. Lakini anayesoma majibu ni mtu, na wewe una hasira zangu na kiburi changu, hata ukikataa. Afadhali uijue habari nzima kuliko vile vipande ulivyookota uani kwa majirani.

Baba yako alipofariki ulikuwa hujaanza shule. Aliyetushika mkono ni mjomba. Kila alipokuja mjini alikuja na mchele wa Magu, na kibuyu cha maziwa ambayo ulikuwa unayanywa umekaa mapajani mwake. Na usidhani alikuwa anatufadhili kama maskini wa jirani. Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu waliingia kwenye zizi la nyumbani, na ndio kaka yangu aliowatumia kuoa. Waliobaki wakazaa. Kwetu jambo hilo halisahauliki. Alikuwa akinitania kwamba zizi lake ni langu, ila kinyesi ni chake kuzoa.

Ndipo ikaja miaka ya biashara huria. Kila mwenye lori akawa mfanyabiashara. Dawa za mifugo, ambazo zamani tulizipata kwa bwana mifugo peke yake, zikawa zinauzwa dukani pembeni ya sabuni na betri, na muuzaji hajui hata kusoma maandishi ya kwenye boksi. Katika vurugu hiyo vikaingia vile vidonge vya sikio. Ni vidogo kama punje ya mchele, vinapachikwa kwa sindano nene chini ya ngozi ya sikio la ng'ombe, na homoni inatoka humo polepole mpaka mnyama ananenepa upesi. Vilivuka mpaka kimyakimya. Wakulima walivisifu kwa kunong'ona.

Huko vinakoruhusiwa, ng'ombe akichinjwa sikio hutupwa, ndiyo sababu wakachagua mahali pale. Hao waliovitengeneza hawajawahi kukaa kwenye benchi la supu hapa Kirumba. Sisi sikio hatutupi, tunaligombania.

Kampuni moja ya watu binafsi ikafungua yadi kule Igoma, ikataka kununua ng'ombe na kupeleka nyama nje. Wanunuzi wao wa nje hawakutaka kusikia habari ya homoni. Kwa hiyo boksi la vipimo likaletwa kwenye maabara yetu ndogo ya mifugo, nikapelekwa mafunzo mafupi, nikarudi nikiwa mtu pekee mjini aliyejua kulitumia. Kichwa kikavimba. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka nilivyokuwa napiga pasi lile koti jeupe mpaka Jumapili.

Kazi yenyewe utafundishwa, ila nikueleze kwa lugha ya nyumbani ili uelewe kilichotokea. Ndani ya sahani ya plastiki kuna visima vidogo, na chini ya kila kisima zimebandikwa kingamwili zinazokamata homoni moja tu na si kitu kingine. Unatia mkojo wa ng'ombe. Kisha unatia homoni ya kiwandani iliyofungwa kitu cha kuleta rangi. Hizo mbili zinagombania nafasi, kama wageni wa harusi wanavyogombania viti. Kisha unaosha, na aliyekosa kiti anatoka na maji. Mkojo ukiwa safi, viti vyote vinakaliwa na ile yenye rangi, na kisima kinakuwa bluu. Mkojo ukiwa na homoni, viti vimeshajaa, rangi inaoshwa, maji yanabaki meupe. Kwa hiyo rangi ni habari njema, na maji meupe ni habari mbaya.

Na kuna kisima kimoja ambacho hutii mkojo wowote. Unatia maji yaliyokuja na boksi, yanayojulikana kuwa safi. Tulikiita shahidi. Shahidi lazima atoe rangi. Asipotoa, dawa zimeharibika, na hakuna jibu lolote la siku hiyo la kuaminiwa. Mwalimu wetu alituambia kwamba anayemruka shahidi anapiga ramli.

Pasaka ya mwaka huo mjomba alikuja kula kwetu. Tulipokuwa tunakunywa chai akaniuliza, "Minza, hivi vile vidonge vya sikio vina ubaya gani hasa?" Nikamjibu kama mwalimu, kwa kirefu, na kidole juu. Akawa anaitikia tu. Hakusema ameviona wapi wala nani amemwonyesha. Nimelirudia swali lile kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Huenda aliuliza kwa sababu alitaka kuvinunua. Huenda aliuliza kwa sababu alishamkatalia muuzaji na alitaka kusikia kwamba hakukosea.

Miezi kadhaa baadaye akaleta maksai wake Igoma. Walikuwa wamenona kweli. Alikuwa amewalisha mashudu ya pamba kutoka kwenye viwanda vya kuchambua pamba vya huko kwao, na kila aliyepita alisimama kuwatazama. Wakipita kipimo, kampuni ingemfanya wakala wake kwa upande wote wa Magu. Wasipopita, angerudi na sifa ya mtu mwenye ng'ombe wachafu. Hayo alikuwa anayajua yeye, nilikuwa nayajua mimi, na walikuwa wanayajua wafugaji wote waliokaa kwenye kivuli cha ukuta wa maabara wakisubiri zamu zao.

Mwisho wa wiki ile mimi na wewe tulikuwa Nansio, kule kisiwani, kwenye msiba wa shangazi ya baba yako, tukarudi na meli ya Jumapili. Jumatatu nikafungua jokofu la maabara, nikakuta baridi kama kawaida. Nikatoa boksi. Visima vilivyobaki vilikuwa vichache na maksai walikuwa wengi, na boksi lingine halikujulikana lingekuja lini. Nikahesabu, nikaona nikiwapima maksai wote vitabaki visima viwili tu, na sikutaka kuvimaliza kwa mtu mmoja. Nikamruka shahidi.

Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika kwenye maelezo niliyodaiwa baadaye, kwamba nilikuwa nabana matumizi. Ni ya kweli, lakini si yote. Asubuhi ile, nikiwa naingia, nilimsikia mfugaji mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu wa leo ni kaka mtu, atapita tu." Nikawaka. Nikajiambia leo watanitambua. Nilipoona kisima cha kwanza kimebaki cheupe, na cha pili, na vyote, sikushtuka kama inavyompasa mtu anayempenda kaka yake kushtuka. Moyoni nilisikia kitu kinachofanana na furaha. Kabula, hilo ndilo linaloniuma kuliko jokofu na kuliko visima. Maksai wote wachafu, hata mmoja asiwe safi? Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nilikuwa na haraka ya kutoka nje.

Niliwasomea kwa sauti pale pale nje ya maabara, mbele ya meneja wa kampuni na wafugaji waliokuwa wanangoja. Mjomba alikuwa amesimama ameshika kofia. Akasema taratibu, "Minza, rudia."

Nikamwambia, "Kipimo hakirudiwi kwa sababu mtu ni ndugu."

Wale wa kwenye ukuta wakaguna kwa kunikubali. Meneja wa kampuni akanipa mkono. Nikarudi ndani, na kwa kuwa chupa zilikuwa chache, nikamwaga mkojo wote, nikaosha chupa, nikazipanga kwenye dirisha zikauke. Nilikuwa naimba.

Sasa ya jioni unaweza kuwa unayakumbuka, maana uliyacheka. Nilikuwa na tabia ya kuficha samaki wangu kwenye jokofu la maabara, jambo lililokatazwa, lakini nyumbani hatukuwa na jokofu. Alhamisi kabla ya msiba nilikuwa nimeweka pale pande la sangara nililonunua kwenye soko la Mwaloni. Jumatatu hiyo nikalibeba kuja nalo nyumbani, gumu kama jiwe. Lilipoanza kuyeyuka kwenye karai, harufu ikajaa nyumba nzima. Wewe ulikimbia nje umeziba pua, ukaita watoto wa jirani waje kunusa. Mimi nilibaki nimesimama na kisu mkononi.

Samaki alikuwa ameoza, kisha akaganda tena. Maana yake umeme ulikatika tukiwa Nansio, ukakatika muda mrefu, ukarudi kabla sijarudi. Na kilichooza pamoja na samaki kilikuwa ndani ya lile boksi.

Alfajiri nikaenda mbio maabara. Vilikuwa vimebaki visima viwili. Nikatia yale maji safi kwenye vyote viwili, nikafuata hatua zote. Nikangoja rangi. Ningetoa chochote siku ile nione bluu, hata bluu ya kufifia, kwa sababu ingemaanisha kwamba kaka yangu ni mkosaji na mimi ni mfanyakazi hodari. Unaona nilipokuwa nimefika? Nilikuwa naomba kaka yangu awe na hatia. Maji yakabaki meupe.

Yale majibu hayakuwa mabaya wala mazuri. Hayakuwa majibu.

Nikaenda Igoma bila kuvua koti. Maksai hawakuwepo. Walipokataliwa, mjomba hakuwa na nauli ya lori la kuwarudisha wala moyo wa kuwaswaga njia nzima huku watu wanamtazama, akawaachia wachinjaji wa mjini jioni ile ile kwa bei waliyoitaka wao. Walikuwa wameshachinjwa. Mkojo niliumwaga mwenyewe. Kikabaki kitu kimoja tu cha kunisaidia, vichwa, kwa sababu kidonge kikiwa kwenye sikio unaweza kukipapasa kwa kidole, na sikio lisilowahi kuchomwa nalo linajulikana. Vichwa vyote huishia kwa Mama Zaituni, yule muuza supu karibu na uwanja.

Nilimkuta anakoroga sufuria kubwa, na benchi limejaa.

"Mama Zaituni, vichwa vya jana vya wale maksai wa Magu viko wapi?"

"Hivi hapa, vinachemka. Karibu bakuli."

"Nataka masikio."

Akanitazama, akacheka. "Masikio? Mwanangu, saa hizi? Masikio yanaondoka na wateja wa kwanza. Wapakia mizigo wa Mwaloni wanayaagiza tangu jana yake. Nikutilie ulimi?"

Nilikaa kwenye lile benchi. Kila mtu alikuwa anakula, wananisalimia, "Shikamoo dada," nami naitikia, huku natazama bakuli zao kama mwizi. Kilichokuwa kwenye masikio yale, kama kulikuwa na kitu, kilikuwa kimeshaingia matumboni mwa watu, na mimi niliyelipwa kukijua sikukijua.

Kutoka pale nilifanya jambo pekee jema la wiki ile. Nilirudi yadi, nikasimama mbele ya watu wale wale, nikasema majibu ya jana si majibu, umeme ulikatika, dawa ziliharibika, na mimi sikumweka shahidi. Nilisema yote, hata ya samaki. Nilifikiri nitafukuzwa kazi. Sikufikiri kwamba sitaaminiwa.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada Minza, jana nilikuamini kwa sababu ulimkata ndugu yako. Leo unataka nikuamini unapombeba?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema damu nzito imefanya kazi usiku kucha. Nikapiga kelele, nikamwita mjinga, nikazidi kuharibu. Uongo wangu ulikuwa umesimama kwa miguu miwili kwa sababu nilikuwa nimeusema kwa ukali. Ukweli ulikuja na macho mekundu, na nani atauamini? Nilipelekwa kwenye kazi ya kuosha vyombo, na huko ndiko nilikokaa hadi walipopunguza wafanyakazi.

Mimi nilipoteza koti tu. Mjomba wako alipotezewa zaidi. Neno lilifika Magu kabla yake, kwamba ng'ombe wa Masanja ni wa sindano. Mnadani wakawa wanampita. Na mwaka uliofuata, binamu yako Shija alipotaka kuoa, wakwe walikuja kuwatazama ng'ombe wa mahari kama ilivyo desturi, wakawakagua mmoja mmoja, wakashika masikio yao mbele ya baba mtu. Mbele yake, Kabula. Halafu wakasema hawatapeleka mifugo ya sindano kwenye zizi lao. Binti akaolewa kwingine. Ng'ombe wale walikuwa uzao wa mahari yangu mimi.

Nilikwenda Magu mara moja kumweleza. Nilikaa naye kwenye viti vya nje, nikaeleza habari ya jokofu, ya kingamwili, ya shahidi, mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza akasema, "Sawa, nimesikia," akainuka kwenda kunywesha ng'ombe. Tangu siku ile hakuja tena na mchele. Tunakutana misibani, namwamkia, "Shikamoo kaka," anaitikia, "Marahaba," na tunakaa mikeka tofauti. Wewe ulipokuwa unarudi kutoka shuleni unalia kwamba wanakuita ndama wa sindano, nilikuambia usiwajali. Ilinipasa kukuambia kwamba aliyewapa jina hilo ni mimi.

Kwa hiyo swali lako. Aliwawekea au hakuwawekea? Kabula, sijui. Nilikufokea kwa sababu sijui, na kwa mtu wa kazi yangu hakuna neno linalouma kama hilo. Huko uendako utakutana na siku ambayo lori linangoja, meneja anatazama saa, na visima havikuambii kitu. Watataka ndiyo au hapana. Ukisema hujui watakuona mzembe. Utatamani kuwa mkali ili uonekane hodari, au kuwa mwema ili upendwe, na vyote viwili vitakuja vimevaa koti jeupe. Sina dawa ya hilo. Najua tu kwamba siku ile mwili uliniambia. Ile furaha ya kumkata mtu, nilipoisikia, ndipo ilipopasa nikae chini nirudie.

Lakini tangu Jumanne kuna jambo jingine linanisumbua, na limenijia nikiwa nachagua mchele, si nikiwa nasali wala nasoma. Wewe umelala na mashaka yako kwa muda mfupi tu, ukaamua kuuliza. Umeniuliza mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mimi nilipima mkojo wa ng'ombe wake, nikapima maji, nikawinda masikio kwenye sufuria ya supu, nikabishana na meneja. Nilipofika kwake nilimwaga maelezo ya jokofu mpaka akaondoka. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza kaka yangu mwenyewe. Mwanzoni nilijiambia ni heshima. Ni uoga. Akisema hapana, nitakuwa nimemwangamiza mtu asiye na kosa. Akisema ndiyo, nitakuwa nimelia miaka yote hii bure.

Jua linazama na mechi imeisha, nasikia watu wanapita barabarani wakibishana juu ya penalti. Utaingia sasa hivi unataka kula. Barua hii sitakupa leo. Leo tutaongea habari za sweta na baridi ya Nairobi, na utaniona nimetulia, utadhani nimesahau.

Basi lako linapita Magu. Nimekata tiketi mbili, yako ya kufika mwisho na yangu ya kushukia hapo. Nitakuwekea barua hii mkononi nikiwa nashuka, kwa hiyo unaposoma hapa mimi nimeshabaki nyuma barabarani. Naenda nyumbani kwa kaka yangu. Nitamwamkia, nitakaa kwenye kiti atakachonipa, na safari hii sitaeleza kitu. Nitamuuliza. Na atakachonijibu, nitakiamini.

Mama yako,
Minza